Baba yuko Manda Bay, mtoto ana mahitaji maalum: familia ikae Lamu au Malindi?

Barua ya uhamisho humtaja askari peke yake. Haisemi lolote juu ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo (cerebral palsy) anayepelekwa mazoezi kila Jumanne, wala binti kiziwi aliye katikati ya muhula. Kwa hiyo swali la wapi familia ikae hubaki kwa baba na mama, na mara nyingi huamuliwa haraka haraka kwa kuangalia kodi ya nyumba na umbali wa kambi, basi.

Tunalinganisha hapa pande mbili ambazo familia za wanajeshi wa Pwani ya kaskazini huzipima. Upande mmoja ni Lamu, karibu na kituo cha wanamaji cha Manda Bay kule Magogoni na vikosi vya operesheni ya msitu wa Boni iliyoanza 2015. Upande wa pili ni Malindi, zaidi ya kilomita 200 kusini kwa barabara, ambako askari hufika akipata likizo. Hukumu yetu ni hii: mtoto anayehitaji mkono wa mtaalamu kila wiki akae Malindi. Anayehitaji dawa za kila mwezi, mtaa mtulivu na watu wanaomjua, Lamu inamfaa, na wengine inawafaa kuliko Malindi. Kuwa karibu na kambi si sababu ya kutosha, maana askari aliye operesheni huweza kukaa wiki nyingi bila kulala nyumbani hata kama nyumba iko Mokowe, upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Lamu.

Hesabu safari kabla ya kodi

Chukua daftari uandike kila huduma anayopata mtoto, kisha uzigawe mafungu matatu: za kila wiki, za kila mwezi au miezi mitatu, na za mara moja au mbili kwa mwaka. Mazoezi ya viungo mara mbili kwa wiki ni safari 104 kwa mwaka. Dawa ya kifafa inayochukuliwa kila miezi mitatu ni safari nne. Kupimwa upya kiti cha magurudumu ni moja au mbili.

Sasa zidisha. Anayekaa Mokowe na kufuata mazoezi Hospitali ya King Fahd, ambayo iko kisiwani Amu (kisiwa cha Lamu), analipa boti kwenda na kurudi kwa watu wawili: nauli 416 kwa mwaka, kabla hujahesabu bodaboda ya kufika jeti. Kodi ya Mokowe inaweza kuwa nafuu na bado mwaka ukaisha umelipa zaidi. Kosa hili ndilo tunaloliona mara nyingi kuliko yote. Familia huchagua mahali kwa sababu ya hospitali kubwa wanayoiendea mara moja kwa mwaka, kisha huumia kila Jumanne.

Lamu: maji, ngazi na mtaa usio na magari

Kwanza jua jiografia, maana wageni huichanganya. Kambi iko bara. Hospitali ya kaunti, King Fahd, iko kisiwani. Uwanja wa ndege uko kisiwa kingine, Manda. Mpeketoni, yenye hospitali ya kaunti ndogo, iko bara kwenye njia ya kuelekea Witu na Garsen. Anayesema "nitakaa Lamu" lazima aseme Lamu ipi.

Ukikaa Amu mjini, hospitali unaifikia bila kuvuka maji, lakini kila kitu kingine, pamoja na baba, kiko ng'ambo. Ukikaa Mokowe, baba yuko karibu zaidi, na usiku wa dharura unahitaji boti. Panga jambo hilo mapema: chukua namba za wenye boti wawili, si mmoja, wanaolala karibu na jeti, na mkubaliane bei ya usiku kabla ya kuhitajiana. Ukingoja mtoto aanze degedege ndipo upige simu, utalipa bei ya hofu.

Jeti yenyewe ni mtihani kwa mtoto asiyetembea. Maji yakijaa, boti hukaa karibu na ngazi za juu na mtu mmoja huweza kumpokea mtoto. Maji yakipwa, ngazi za chini huwa na ukoka wa kijani unaoteleza, na kuna kuinuana. Basi tazama kupwa na kujaa kabla ya kupanga saa ya kliniki. Mtoto abebwe kwanza, kiti kifuate kikiwa kimekunjwa, na magurudumu yafungwe breki kabla ya kukalishwa tena. Usikubali mtoto abebwe akiwa ndani ya kiti. Wabebaji hushika pale pa kuegemeza miguu, sehemu ambayo kwenye viti vingi huchomoka, na kiti huanguka.

Ndani ya mji wa kale njia ni nyembamba, zina vizingiti na mifereji, na punda ana haki ya njia sawa na wewe. Kiti chenye magurudumu madogo ya mbele ya plastiki hukwama. Tafuta chenye magurudumu ya mbele mapana na ya mpira. Hewa ya chumvi hula bearingi na skrubu. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi kila jioni, kausha, tia mafuta mepesi kila wiki mbili, na usikioshe kamwe kwa maji ya bahari, hata kama mchanga umejaa.

Hata hivyo Amu ina jambo ambalo Malindi haiwezi kulinunua: mitaa haina magari. Mtoto mwenye usonji (autism) anayeshtushwa na honi na injini hupata nafuu hapo, na mtoto anayepotea njia hurudishwa nyumbani na mtu wa tatu anayekutana naye, maana wakaao barazani wanajua ni wa nani. Hatari yake iko upande mmoja tu, ule wa maji. Watoto wengi wenye usonji hupenda maji na hawana hofu nayo. Nyumba ya ukingoni mwa bahari haifai kwa mtoto kama huyo, hata ikiwa nzuri kiasi gani. Panga nyumba ya mitaa ya ndani, weka komeo la juu mlangoni, na umfundishe kuogelea mapema.

Malindi: tuktuk, wataalamu na njia ya kwenda mbele

Malindi mji ni tambarare. Tuktuk hufika mlangoni, na kiti cha kukunja huingia nyuma ya abiria. Kuna hospitali ya kaunti ndogo, kuna kliniki za binafsi, na barabara ya kusini inakupeleka Gede kwa kilomita 15 hivi, Kilifi kwa kama 60, na Mombasa kwa takriban 120. Anayepewa rufaa ya Mombasa huondoka alfajiri na kurudi siku hiyo hiyo. Wa Lamu akipata rufaa ile ile hawezi kurudi siku hiyo hiyo, na pakiwa na vitisho vya usalama barabara ya Lamu hadi Garsen hupitwa mchana, mabasi yakisindikizwa na polisi. Safari ya saa sita hugeuka siku nzima.

Shule ndizo zinazoipa Malindi uzito. Kibarani, shule ya viziwi, iko mjini Kilifi. Gede kuna shule maalum ya wenye ulemavu wa akili. Mbele zaidi, Mombasa, kuna Ziwani ya viziwi, Likoni ya wasioona, Port Reitz ya wenye ulemavu wa viungo, na Tom Mboya ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Anayekaa Malindi anaweza kumtembelea mtoto wa bweni wikendi ya kati ya muhula. Wa Lamu humwona akifunga shule.

Ubaya wa Malindi ni upweke wa mlezi. Familia inayohamia hapo kwa ajili ya huduma huwa haina bibi wala shangazi mtaani, baba yuko Magogoni, na mama hushika usiku na mchana peke yake. Likikosekana jicho la pili nyumbani, mtoto hukosa kliniki kila mama anapopata homa. Kabla ya kuhamia, jibu swali moja: siku mama akilazwa, nani atamlisha mtoto huyu na kumpa dawa? Jibu likiwa "tutaona", Lamu yenye ndugu inashinda Malindi yenye wataalamu.

| Hitaji | Lamu | Malindi |
|---|---|---|
| Mazoezi ya kila wiki | Amu tu, ukikaa kisiwani | Ndiyo |
| Dawa za kila mwezi | Ndiyo, ukiweka akiba | Ndiyo |
| Shule ya viziwi | Bweni la mbali | Kilifi |
| Usonji, kuogopa kelele | Nzuri, ila maji | Magari ni tatizo |
| Kiti cha magurudumu | Vigumu | Rahisi zaidi |
| Ndugu wa kusaidia | Hutegemea kwenu | Hutegemea kwenu |

Hitaji kwa hitaji

*Nyayo zilizopinda tangu kuzaliwa.* Hapa hakuna mjadala, kaa karibu na kliniki. Tiba ya Ponseti hufungwa plasta mpya kila wiki, kwa kawaida mara tano hadi saba. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha plasta ya mwisho hukaa wiki tatu. Baada ya hapo huvaa viatu vyenye upau saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku na usingizi wa mchana hadi afike miaka minne au mitano. Plasta ikipotea wiki mbili kwa sababu boti halikupatikana, mguu huanza kurudi. Na mguu uliokwisha kunyooka hurudi kupinda hasa kwa sababu moja: viatu viliachwa mapema kwa kuwa mtoto analia na mguu unaonekana mzuri. Wiki zile za plasta, kama miezi miwili au mitatu, zinatosha kumfanya mama apange chumba Malindi kwa muda kisha arudi Lamu na viatu.

*Kifafa.* Lamu inawezekana kabisa. Kinachovunja mambo ni dawa kuisha. Phenobarbital, carbamazepine au valproate ikikatwa ghafla, degedege hurudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na huweza kufuatana bila kukoma. Weka akiba ya wiki mbili nyumbani juu ya dozi ya mwezi, na ukachukue nyingine akiba inapoanza kuguswa, si inapoisha. Phenobarbital ni dawa inayodhibitiwa, hivyo safiri na karatasi ya daktari, hasa kwenye vizuizi vya barabarani. Usihame kutoka chapa moja hadi nyingine bila kumwambia daktari. Binti akikaribia kubaleghe akiwa anatumia valproate, mwulize daktari juu ya kubadilisha, maana dawa hiyo hudhuru mimba. Degedege likipita dakika tano, ni hospitali, usiku au mchana. Jirani akisema ni mashetani na ataleta wa kuyapunga, msikilize kwa adabu na umpe mtoto dozi yake kwa wakati.

*Uziwi.* Mashine ya sikio hufa Pwani kwa jasho na chumvi. Ilaze kila usiku ndani ya kopo lenye mfuniko na chembe za kukaushia unyevu, betri ikiwa imetolewa. Betri za hewa hudumu wiki moja hadi mbili, kwa hiyo nunua za miezi mitatu kwa pamoja, na usibandue karatasi yake kabla ya siku ya kuitumia, kwani hewa ikishaingia betri imeanza kuisha hata ikiwa kabatini. Mtoto mdogo hubadilishwa kipande cha sikio kila miezi michache kwa sababu sikio linakua. Mashine ikianza kupiga mluzi, kwanza kagua kipande hicho kabla ya kudhani mashine imekufa. Lakini mashine si lugha. Kama mtoto amezaliwa hasikii kabisa, Lugha ya Ishara ya Kenya ianze nyumbani sasa, si siku ya kufika Kibarani.

*Mtindio wa ubongo.* Hesabu safari zako, kisha uchague Malindi. Mazoezi ya kliniki hata hivyo ni saa moja au mbili kwa wiki. Zilizobaki ni za nyumbani. Mtaalamu mzuri hukufundisha jinsi ya kumkalisha, kumlisha akiwa wima ili chakula kisiingie mapafuni, na kumgeuza. Akimaliza somo na wewe hujagusa mtoto, mwombe arudie ukiwa unafanya wewe. Ukikuta hospitali yenye mtaalamu mmoja tu, uliza nani humshikia akienda likizo.

*Ualbino.* Jua la pande zote mbili ni kali, hivyo mji haubadilishi lolote. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kutoa mafuta ya kukinga jua bila malipo kwa waliosajiliwa, na mafuta hayo hupitia hospitali za serikali. Jisajili kwenye hospitali ya mahali unapolala, si ya kijijini kwenu, la sivyo yatakuwa yanakungoja mahali ambapo haupo. Mtoto akae mbele darasani, mbali na dirisha linalong'aa.

Jeshi, serikali, na wengine: nani anatoa nini

Familia nyingi hudhani jeshi litamaliza kila kitu, wengine hudhani haliwezi chochote. Yote mawili si kweli.

Jeshi linashika matibabu. Wategemezi wa askari wako chini ya bima ya matibabu ya jeshi, DEFMIS, na rufaa ngumu huishia Hospitali ya Kumbukumbu ya Jeshi (Defence Forces Memorial Hospital), Nairobi. Kabla ya kuhama, baba aulize ofisi ya bima mambo manne, na apate majibu kwa maandishi: hospitali zipi za Malindi na Lamu zimo kwenye orodha, mazoezi ya viungo yanalipiwa vikao vingapi kwa mwaka, vifaa kama viatu vya upau, viti na mashine za sikio vimo au havimo, na mtoto mwenye ulemavu akipita umri wa kawaida wa mtegemezi anabaki ndani au anatoka. Swali la tatu ndilo linalopoteza pesa. Bima nyingi hulipa daktari na upasuaji bila kinyongo, kisha hukataa kifaa ambacho bila hicho upasuaji haukuwa na maana.

Halafu kuna rekodi. Mtoto asiyekuwa kwenye faili la wategemezi hayupo kwa jeshi. Hapa Lamu na Malindi kuna tatizo lake hasa: ndoa nyingi hufungwa kwa imamu mtaani na cheti hakichukuliwi kwa miaka. Nenda kwa Kadhi, Lamu au Malindi, upate cheti cha ndoa. Chukua cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vitambulisho vya wazazi na picha, baba avipeleke ofisi ya utawala ya kikosi, na aombe nakala iliyopigwa muhuri. Hii ni kazi ya kufanya kabla ya kwenda Somalia au msituni, si wakati yuko huko na simu haipatikani. Kuhusu idhini ya upasuaji, mama asirudishwe nyumbani kwa kuwa baba hayupo: Sheria ya Watoto ya 2022 inawapa wazazi wote wawili wajibu ulio sawa.

Uhamisho wenyewe unaweza kuombewa kuahirishwa, kupitia ngazi za amri. Barua isiyofanya kazi husema "Afande, mwanangu ni mgonjwa, naomba msaada." Inayosomwa hadi mwisho husema hivi: "Mwanangu ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo, anahudhuria mazoezi kila Jumanne na Alhamisi. Ripoti ya daktari ya mwezi huu imeambatishwa. Naomba kuripoti kituo kipya baada ya muhula wa pili." Tarehe, siku, ombi moja. Mke asibaki nje ya mambo haya. Chama cha wake wa wanajeshi, MWAK, kipo, na wenzake waliokwisha kupitia uhamisho na mtoto wa aina hii wanajua ofisi ipi hujibu. Aliyestaafu ana DEFOCA, chama cha maveterani.

Watafutao mtandaoni hukutana sana na mpango wa Marekani uitwao EFMP, na wengine huuliza fomu zake zipatikane wapi Kenya. Hazipo hapa, ni za askari wa Marekani. Kule askari mwenye mtegemezi wa mahitaji maalum analazimika kumsajili, kwa fomu moja ya matibabu na nyingine ya elimu, na kabla ya kuhamishwa huangaliwa kama kituo kipya kina huduma hizo. Wazo lake linafaa kuigwa hata bila fomu: karatasi mbili, moja ya daktari na moja ya shule, zitangulie uhamisho.

Serikali inashika yale ambayo jeshi haligusi, na huu ndio mlango unaosahauliwa. Kadi ya Baraza la Watu Wenye Ulemavu hupatikana kwa hatua hizi: mtoto apimwe na jopo la hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ripoti itiwe sahihi na muhuri, kisha usajili ufanywe mtandaoni kupitia eCitizen au ofisi ya baraza ya kaunti. Vitu vinavyokwamisha ni vidogo: jina la kwenye cheti cha kuzaliwa halilingani na la ripoti (Mohamed na Muhammad si mtu mmoja mbele ya kompyuta), muhuri umesahauliwa, au aina ya ulemavu imeandikwa kwa ujumla tu. Soma ripoti kabla ya kuondoka hospitalini. Uliza siku jopo linapokaa kabla ya kupanda boti, maana halikai kila siku. Kadi ni ya nchi nzima. Ukiipata Kilifi inakufaa Lamu.

Usitarajie kadi ifanye isivyoweza. Msamaha wa kodi wa hadi KSh 150,000 kwa mwezi, kwa agizo la 2010, ni wa mapato ya mwenye ulemavu mwenyewe. Kwa agizo hilo, kadi ya mtoto si sababu ya mshahara wa baba kuachwa bila kodi. Pesa za Inua Jamii kwa wenye ulemavu mkubwa, KSh 2,000 kwa mwezi, ni za kaya maskini zisizo na kipato cha kudumu, na nyumba yenye mshahara wa jeshi haiingii. Usipoteze nauli.

Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya afya, NHIF, Oktoba 2024, hukata asilimia 2.75 ya mshahara. Basi itumie. Sajili kila mtu wa nyumbani kwa *147# na uhakikishe mtoto anaonekana kwenye orodha yako. Zahanati na vituo vya afya vya karibu ndivyo vya homa, chanjo na vidonda. DEFMIS iache kwa mambo mazito.

Elimu huanzia kituo cha tathmini, EARC, kilicho chini ya Wizara ya Elimu. Ofisa humpima mtoto na kuandika pa kusoma: darasa la kawaida, kitengo maalum ndani ya shule ya msingi, shule maalum, au masomo ya nyumbani. Mtaala wa sasa una njia ya kupanda kwa umri na njia ya kupanda kwa hatua, ile ya pili ikiwa ya wasioweza kufuata darasa kwa darasa; ripoti iseme ni ipi. Serikali huongeza KSh 2,300 kwa mwanafunzi wa mahitaji maalum juu ya 1,420 za kila mtoto wa msingi, lakini ikiwa tu shule imemwandikisha hivyo. Ukihama, mwalimu mkuu wa shule ya zamani lazima amwachilie kwenye mfumo wa wizara. Asipofanya hivyo, shule mpya humkalisha mtoto bila pesa zake. Piga simu baada ya wiki mbili kuuliza. Mtihani wa taifa ukikaribia, dakika 30 za ziada, breli au maandishi makubwa huombwa na shule wakati wa usajili. Wiki ya mtihani huwa umechelewa.

Vifaa tafuta kwa APDK, chama cha walemavu wa viungo kilichoanzishwa 1958, chenye karakana za Bombolulu na tawi Port Reitz, Mombasa. Wanapima na kutengeneza viti, viatu na vishikilio. Kiti cha msaada kilichogawiwa bila kupimwa mara nyingi ni kipana mno. Mtoto huinama upande mmoja na uti wa mgongo ukapinda. Kiti kinachofaa huacha nafasi ya vidole tu kila upande wa nyonga, miguu ikanyage bapa, na chini pawe na mto, si mbao tupu. Asiyehisi makalio ainuliwe kila nusu saa, na ngozi ikaguliwe kila usiku.

Na kama hakuna kinachofaa

Kwa baadhi ya mahitaji, Lamu na Malindi zote mbili hazitoshi. Tiba ya usemi ni adimu Kenya nzima, na mtoto anayehitaji upasuaji wa mara kwa mara, au asiyeona aliye tayari kwa shule, mahali pake ni Mombasa. Wa jeshi la wanamaji wana faida hapo: makao yao makuu ni Mtongwe, upande ule ule wa maji na Shule ya Wasioona ya Likoni. Familia iliyopo kota ya Mtongwe, yenye huduma za kila wiki zinazoenda vizuri, isihame kumfuata baba Manda Bay. Baba ndiye asafiri.

Faili la mtoto liwe moja, la plastiki linalofungwa kwa zipu ili lisilowe kwenye boti: ripoti ya daktari isiyozidi miezi sita, ripoti ya EARC, kadi ya baraza, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, orodha ya dawa na vipimo vya dozi kwa miligramu, na nakala mbili za kila kitu. Picha za karatasi zote ziwe kwenye simu ya mama na simu ya ndugu mmoja. Simu ya baba isihesabiwe, kwani akiingia zamu huenda ikabaki kambini imezimwa.